CLAUDE BERNARD, MUTU ALIYEFUATA NJIA YA SUKARI NDANI YA MWILI

Watu wanapenda kuandika maisha ya wafalme na ya wamisionari. Sisi, mara hii, tumechagua mutu wa laboratwari.

Sababu ni hii. Wakati tuliposoma maneno ya glusidi, tuliandika katika kaye C6H12O6, tukaikamata kwa kichwa, kisha tukaanza kuisahau. Lakini mwalimu akatuuliza neno moja. Mwanafunzi amekula bukari jana jioni. Asubuhi amekuja masomo bila kunywa hata chai. Namna gani anaweza kukaa mbele ya ubao na kufanya hesabu mupaka saa sita bila kuanguka? Ile sukari inayozunguka katika damu yake inatoka wapi, na bukari ya jana imekwisha? Darasa lote kimya. Hata sisi tunaokaa mbele tulitazama chini. Mutu wa kwanza aliyepata jibu la ulizo lile ni Claude Bernard, na ilimuchukua karibu miaka kumi.

Alizaliwa tarehe 12 Julai 1813 katika kijiji Saint-Julien, karibu na Villefranche, inchi ya Ufaransa, pahali wanapolima mizabibu. Baba yake Pierre alikuwa mulimaji wa mizabibu na hakuwa na mali mingi. Padri wa kijiji aliona kama mutoto ana akili, akamufundisha Kilatini. Kisha akasoma katika koleji ya Villefranche na ya Thoissey. Lakini tusidanganyane: hakuwa wa kwanza darasani. Aliacha masomo bila diploma, na mwaka wa 1832 akawekwa kwa bwana Millet, mwenye famasi katika Vaise, pembeni ya muji Lyon, ajifunze kazi ya dawa.

Kazi gani? Kufagia, kuosha machupa, kupeleka dawa mbio mbio. Pale famasini waliuza dawa moja ya tangu zamani iliyoitwa teriaki, ambayo watu walisadiki inaponyesha magonjwa yote. Kila kitu kilichoharibika, kila unga uliobakia chini ya chupa, bwana alimuamuru asitupe inje, aweke ndani ya teriaki. Basi teriaki ya juma hili haikufanana na ya juma lililopita, lakini wagonjwa walilipa na kushukuru. Tunafikiri ni pale kijana alianza kuwa na mashaka juu ya dawa ambayo hakuna mutu aliyeipima.

Moyo wake haukuwa kwa machupa. Alipenda tiatre. Akaandika muchezo mufupi wa kuchekesha, La Rose du Rhône, nao ukachezwa Lyon na watu wakaufurahia. Kichwa kikavimba kidogo (sisi ndio tunasema hivyo). Akaandika mwingine wa huzuni, wenye sehemu tano, juu ya Arthur wa Bretagne, na mwaka wa 1834 akakwenda nao Paris. Alikuwa na barua kwa Saint-Marc Girardin, profesa wa Sorbonne. Profesa akasoma, akamushauri atafute kwanza kazi ya kumulisha. Michezo ataandika saa za kupumzika. Na kwa kuwa amekwisha kufanya kazi ya dawa, aingie basi shule ya uganga. Kijana mwingine angelia na kurudi kwao. Yeye akafanya egzame ya bakalorea ambayo hakuwa nayo, akaingia uganga.

Hata kule hakungaa. Mwaka wa 1839, katika mashindano ya kuingia interne wa hospitali za Paris, walipokea watu 29, na yeye akawa wa 26. Wenzetu wanaolia kila mwisho wa trimestre juu ya pointi waandike namba ile nyuma ya mulango wa chumba chao.

Mambo yalibadilika alipofika katika huduma ya munganga François Magendie. Magendie alikuwa mukali, na hakutaka mutu amwambie maneno ya buku; alitaka aone kwa macho. Aliona mikono ya Bernard inavyopasua munyama bila kutetemeka, na mwaka wa 1841 akamuchukua kuwa musaidizi wake katika Collège de France. Laboratwari ile tusifikiri ni nyumba nzuri yenye vioo. Ilikuwa chumba chenye giza na unyevu, sawa shimo. Pale ndipo alikaa siku zote, na watu wengi wanasema magonjwa yake ya baadaye yalitoka pale.

Buku lake la udaktari la mwaka 1843 lilisema juu ya maji ya tumbo, nalo limekwisha kugusa sukari. Alitia sukari ya muwa moja kwa moja katika mushipa wa mbwa: sukari yote ikatoka na mukojo. Akaichanganya kwanza na maji ya tumbo, ndipo akaitia: mara hii mwili ukaishika. Leo tunajua sababu. Sukari ya muwa ni vitu viwili vilivyoshikana mikono, glukozi moja na fruktozi moja. Damu haiwezi kuitumia hivi ilivyo, inapaswa kuvunjwa mbele. Sukari tunayotia katika chai si ile inayotembea katika damu yetu.

Mwaka uliofuata akashindwa egzame ya kuwa mwalimu wa uganga. Akaachana na Magendie, akataka kurudi kijijini kuwa munganga wa watu. Rafiki zake wakamushauri aoe. Mwaka wa 1845 akaoa Fanny Martin, binti wa munganga mumoja wa Paris, aliyekuja na mali mingi kutoka kwa baba yake. (Kule, wandugu, ni upande wa binti unaotoa mali. Wavulana wa internat wasianze kuota ndoto.) Mali ile ikamuwezesha kubaki laboratwarini. Lakini ndoa iliyojengwa juu ya neno lile tutaiona baadaye.

Wakati ule kupata mbwa ilikuwa shida. Watu walikuwa wakiokota mbwa wa barabarani na kuwauzia waganga. Siku moja Bernard aliweka kitubo cha feza katika tumbo la mbwa mumoja, apate kuchota maji ya tumbo. Mbwa akakimbia na kitubo chake. Kisha Bernard akaitwa kwa komiseri wa polisi wa mutaa ule. Akakwenda na hofu. Komiseri akamuonyesha mbwa: ndiye yule, na mwenye mbwa ni komiseri mwenyewe! Bernard hakukana. Akaeleza kazi yote, akasema alimununua bila kujua ni wa nani, akaahidi kumuponyesha. Hasira ya muzee ikapoa, na tangu siku ile yeye akawa mulinzi wa Bernard katika mutaa.

Sasa habari ya sungura, maana bila hii mutu hataelewa ile ya sukari. Walimuletea sungura kutoka soko. Akaona mukojo wao ni safi kama maji, na una asidi. Ajabu, kwa sababu sungura anakula majani, na mukojo wa mula-majani ni mweupe-mweupe, hauna asidi. Mukojo safi wenye asidi ni wa mula-nyama. Wengine wangesema sungura hawa ni wagonjwa, basi. Yeye akafikiri: pengine hawakula tangu siku mingi, na kwa kuwa hawakula, wanakula nyama ya mwili wao wenyewe. Akawapa majani: mukojo ukageuka mweupe. Akawafungisha chakula: ukarudi safi. Majani tena, njaa tena, mara kwa mara. Mwishoe akawapa sungura nyama ya ngombe iliyopikwa, na mukojo ukawa safi sawa wakati wa njaa. Kwa hiyo aliyefunga chakula anaishi kwa akiba ya mwili wake. Tushike neno lile, akiba.

Siku zile wakubwa wa sayansi, Dumas na Boussingault, walifundisha kama mumea peke yake unajenga sukari, na munyama kazi yake ni kuila na kuiunguza. Bernard hakuwa na nia ya kushindana nao. Alitaka tu kuona ni pahali gani katika mwili sukari inapotea, kwenye mapafu ao pengine. Mwaka wa 1848 akalisha mbwa chakula chenye sukari, akatazama damu iliyotoka kwenye maini. Sukari iko. Vizuri, mbwa alikula sukari. Mutu wa haraka angeandika jibu na kwenda kulala. Yeye akachukua mbwa mwingine, akamulisha nyama tu, hakuna sukari hata kidogo. Akatazama damu ile ile. Sukari iko!

Namna ya kuipima tunaijua sisi wa biokimia: maji ya blu yenye shaba, unachemusha, na kama glukozi iko rangi inageuka nyekundu sawa tofali. Rafiki yake Barreswil ndiye aliyetengeneza maji yake.

Basi sukari hii imetoka wapi? Akatafuta katika matumbo ya mbwa yule: hakuna. Lakini katika mushipa mukubwa unaopeleka damu kutoka matumboni kwenda mainini, iko. Namna gani, chakula hakina, na mushipa unayo? Hapa wengi wangechanganyikiwa. Akafahamu kama, wakati anapopasua tumbo, damu ya maini inarudi nyuma ndani ya mushipa ule. Akafunga mushipa kwa uzi mbele ya kitu chochote, ndipo akapima pande mbili. Upande wa matumbo: hakuna sukari. Upande wa maini: sukari. Damu inaingia mainini bila sukari, inatoka nayo. Ni maini yanayoifanya. Munyama naye anatengeneza sukari, na mafundisho ya wakubwa yameanguka kwa sababu ya uzi mumoja.

Mwaka wa 1849 alichoma sungura kwa sindano chini ya ubongo, sukari ikatoka katika mukojo. Alionyesha hivi kama mishipa ya fahamu inaamuru maini.

Wapinzani hawakukosa. Mwaka wa 1855 Louis Figuier alisema sukari ile inatoka kwa chakula tu, na maini yanaishika yakiipitisha. Akademi ya Sayansi ikaweka baraza la kuchunguza, na Dumas mwenyewe, yule ambaye fundisho lake lilivunjwa, alikuwa ndani. Baraza likakubali upande wa Bernard. Tunaona heshima katika tendo lile. Si kila mukubwa anakubali kusema mudogo ameona vizuri.

Mwaka ule ule ikatokea bahati, kama unaweza kuita bahati. Ilikuwa desturi yake kupima ini moja mara mbili palepale. Siku moja hakuwa na wakati, akapima mara moja, kipande cha pili akakiacha mupaka kesho. Kesho yake sukari ilikuwa imeongezeka sana. Munyama amekufa, ini liko juu ya meza, na bado linafanya sukari! Akachukua ini la mbwa aliyekula nyama tu, akapitisha maji ndani ya mishipa yake dakika 40, mupaka sukari yote ikatoka na ini likawa leupe. Akalipima: hakuna kitu. Akaliacha siku moja. Sukari imerudi, tena mingi. Basi ndani ya ini muna kitu ambacho si sukari lakini kinageuka kuwa sukari.

Mwaka wa 1857 akakipata kikiwa safi: unga mweupe, ambao ukiutia majini unakuwa kama maziwa yaliyozimuliwa. Akaupa jina glikojeni, ni kusema muzaa-sukari.

Tusimame hapa kidogo. Sisi tulipotia tone la iyodi juu ya muhogo, likawa blu nyeusi. Hiyo ni amidoni, akiba ya mumea. Juu ya glikojeni iyodi inakuwa nyekundu-kahawia. Lakini vyote viwili vimejengwa na tofali moja tu, glukozi. Glukozi inashikana na mwenzake mupaka minyororo ya maelfu. Katika sehemu moja ya amidoni munyororo ni mumoja wenye kujizungusha. Katika sehemu ya pili una matawi, tawi moja karibu kila glukozi 24 mupaka 30. Glikojeni ina matawi mingi zaidi, karibu kila 8 mupaka 12, sawa muti uliokatwa na kuchipuka pande zote. Faida yake? Mwili unakata glukozi kwa ncha za matawi. Kama ncha ni nyingi, sukari nyingi inatoka kwa mara moja. Muhogo hauna haraka, umekaa udongoni. Mutu anayekimbizwa na nyoka ana haraka.

Na kwa nini mwili usiweke glukozi yenyewe, bila minyororo? Kwa sababu glukozi iliyotawanyika ingevuta maji na kupasua seli. Ikifungwa pamoja kuwa kitu kimoja kikubwa, inatulia. Maini ya mutu mukubwa yanaweza kuweka karibu gramu 100, na misuli karibu gramu 400. Lakini misuli ina choyo: glikojeni yake inaitumia yenyewe, haiwezi kurudisha glukozi katika damu. Maini ndiyo yanawagawia wengine, na zaidi ubongo, unaotaka karibu gramu 120 kwa siku. Akiba ikikaribia kwisha, maini yanajenga glukozi mupya kwa vipande vya protini, na ile ndiyo habari ya mbwa aliyekula nyama. Basi mwenzetu wa mustari wa nyuma, aliyekuja bila chai, anafanya hesabu kwa glikojeni ya maini yake. Hatusemi ni vizuri kuja bila kula! Kwa muda wa siku moja ya njaa akiba ile inakuwa karibu kwisha.

Kutoka hapo Bernard alipata fikra yake kubwa: ya kwamba seli zetu haziishi katika hewa ya inje, zinaishi katika maji ya ndani, na mwili unatumika usiku na muchana kuyalinda yasibadilike. Sukari ya damu inabaki karibu gramu 1 kwa litri, ukiwa umekula ao hukula.

Alikosea pia, na hatutaficha. Alitafuta chanzo cha ugonjwa wa sukari katika maini na katika mishipa ya fahamu. Pankreasi alikuwa anaijua kuliko watu wote, maana yeye ndiye alionyesha vile maji yake yanavyosaidia kuvunja mafuta, lakini hakuona kama ndiyo inayotawala sukari. Waliliona Minkowski na von Mering mwaka wa 1889, na mwaka wa 1921 kule Toronto insulini ikapatikana.

Sasa turudi nyumbani kwake, na ni sehemu yenye huzuni. Fanny alifikiri ameolewa na munganga atakayekuwa na wagonjwa na feza. Akapata mutu anayerudi usiku akinuka damu ya mbwa. Watoto wanaume wawili walikufa wakingali wadogo, wakabaki mabinti wawili. Mama na mabinti wakawa upande wa wale waliopigania wanyama, na karibu na mwaka wa 1870 watu wa ndoa ile wakaachana. Mabinti hawakumupenda baba yao.

Tulibishana sana juu ya neno hili wakati wa masomo ya jioni. Sehemu kubwa ya kazi ile ilifanywa juu ya wanyama wenye uzima, wengine bila dawa ya usingizi, na Bernard alijua maumivu yao. Mumoja wetu alileta Mezali 12:10, na watu wakanyamaza. Mwingine akasema shangazi yake anajichoma insulini kila siku, na bila mbwa wa laboratwari angekwisha kuzikwa. Wote wawili walisema kweli. Kengele ya kulala ikalia na hatukumaliza. Sisi, tukipima, tunafikiri kosa lake halikuwa kutafuta, lilikuwa kuzoea. Lakini prefe ni mumoja, na wenzake wengi hawakukubaliana naye.

Karibu na 1860 na kuendelea aliugua mara kwa mara, akarudi Saint-Julien katikati ya mizabibu ya kwao. Kwa kuwa hakuweza kusimama laboratwarini, akaandika. Mwaka wa 1865 buku lake juu ya uganga wa kujaribu likatoka, lile walimu wa filozofia wanalolitaja hata leo. Ndani yake sungura na ini lililooshwa wanapatikana. Mwaka wa 1868 akachaguliwa katika Académie française, na mwaka wa 1869 Napoleon III akamufanya senatere. Mutoto wa mulimaji, wa 26 kati ya 29!

Kisha sukari ikamuita tena. Wakati wa mavuno ya 1877, katika Saint-Julien, akajaribu maji ya zabibu. Pasteur, rafiki yake, alikuwa amefundisha kama sukari haigeuki pombe pasipo chachu yenye uzima. Bernard alifikiri kitu kilicho ndani ya tunda kinaweza kufanya kazi ile bila chachu kuishi. Hakumwambia mutu, akaandika kwenye karatasi zake tu. Akarudi Paris, akashikwa na ugonjwa wa mafigo, akafa tarehe 10 Februari 1878. Serikali ikamuzika kwa feza ya taifa, neno ambalo Ufaransa haikuwa imemufanyia mutu wa sayansi hata mumoja mbele yake.

Mwaka ule ule karatasi zile zikapigwa chapa. Pasteur akaumia moyo, akajibu kwa ukali, na akaonyesha kama majaribio yale hayakufanywa vizuri. Ilikuwa kweli, hayakufanywa vizuri. Lakini mwaka wa 1897 Mudachi Eduard Buchner akaponda chachu mupaka ikafa yote, akakamua maji yake, akayachanganya na sukari, na pombe ikapatikana. Bernard alikuwa amekwisha kulala Père-Lachaise miaka 19.